Daraja la Gari na Rimu Zake: Kinachouza na Kinachodumu Uvira

Kati ya Bujumbura na Uvira kuna gari ambalo jina lake la kiwandani limebaki kwenye karatasi tu. Toyota waliliita Carina, na toleo lake la mwisho lilitengenezwa kati ya 1996 na 2001. Huku linaitwa TI. Herufi hizo zilikuwa alama ya daraja, zikabandikwa kwenye buti ili mnunuzi wa Japani asichanganye gari la kawaida na ndugu zake wenye makuu: Si, na GT yenye injini kali. TI ndiyo iliyokuwa ya mtu wa kati, isiyo na mbwembwe. Lakini simama Kavimvira, upande wa Congo wa mpaka, uulize GT ziko wapi, hutaonyeshwa. TI ndiyo iliyobeba abiria, ndiyo iliyopeleka bibi harusi kanisani, ndiyo iliyotajwa katika taarifa za habari za Bujumbura wakati wa machafuko ya 2015, ikiitwa hivyohivyo bila Carina.

Kiwanda kilipanga ngazi, soko la kaskazini mwa Ziwa Tanganyika likaigeuza chini juu. Ukitaka kujua daraja la gari na aina ya rimu vinaongeza mvuto kiasi gani, huwezi kuchukua jibu la Tokyo wala la Dubai ukalileta Uvira likiwa zima. Kwa maoni yangu, hapa daraja la juu mara nyingi ni mzigo ulioachwa na mwenye gari wa kwanza, na rimu ndizo zilizobaki na kazi ya kumpamba mwenye gari wa sasa. Tatizo ni kwamba rimu hizohizo zinazouza gari mjini ndizo zinazolitia hasara likishavuka bandari ya Kalundu kuelekea kusini.

Madaraja yenyewe ni hila ya zamani ya biashara. Katika miaka ya 1920, Alfred Sloan wa General Motors alimwacha nyuma Henry Ford, aliyeuza gari la aina moja kwa wote, kwa kuwapangia Wamarekani magari kama ngazi: kila mfuko na gari lake, na kila mwaka sura mpya kidogo. Baadaye ngazi hiyo iliingizwa ndani ya gari moja. Bodi ni ile ile, mara nyingi injini ni ile ile, lakini huyu ana vioo vya umeme na yule anazungusha kwa mkono. Huyu ana kitambaa, yule ngozi. Huyu rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki, yule rimu za alumini. Kiwanda kinapata faida kubwa zaidi kwenye vikorombwezo kuliko kwenye chuma. Na majina huchakaa kama nguo: kwenye Toyota Probox, DX, ambayo asili yake ni Deluxe, ndilo daraja la chini.

Mnunuzi wa Japani huchagua daraja dukani. Mnunuzi wa Uvira hachagui, anakuta. Gari lilishachaguliwa na mtu asiyemjua, pengine miaka kumi na tano iliyopita, kwa barabara za lami na theluji. Likapita mnadani, na karatasi ya mnada ikalieleza kwa vifupisho: AW kwa rimu za alumini, PW kwa vioo vya umeme, SR kwa paa la kufunguka, na alama ya hali ya gari, 4 au 3.5, au R kama liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kampuni kama BE FORWARD na SBT huweka picha kwenye simu, na mtu wa Uvira au ndugu yake aliyeko Bujumbura anapiga hesabu. Meli inashusha gari Dar es Salaam. Kutoka hapo kuna njia mbili: kwa barabara hadi Kobero na kuingia Burundi, au hadi Kigoma na kupanda ziwa. Mpaka gari linafika Uvira, jeki na spana vinaweza kuwa vimeshapotea, pengine na redio. Rimu huwa zimebaki, kwa kuwa bila rimu gari halitembei.

Kabla mnunuzi hajafika kwenye daraja, kuna jambo linalotangulia, nalo ni upande wa volani. Congo, Burundi na Rwanda hupita kulia. Japani na Tanzania hupita kushoto. Kwa hiyo gari lililokuja kwa njia ya Dar es Salaam lina volani upande usiofaa barabara za huku, na kupita lori la mchanga kwenye bonde la Ruzizi kunamlazimu dereva amwombe abiria wa mbele amwangalizie. Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya volani ya kulia mwaka 2005. Maana yake sokoni ni nzito: mwenye Noah ya volani ya kulia akishindwa kuiuza Uvira, hawezi kuitupia jicho Rusizi, ng'ambo ya mto upande wa Rwanda, amebaki na Burundi na Congo yenyewe. Gari la volani ya kushoto, hata likiwa daraja la chini, lina milango mingi zaidi ya kutokea. Ajabu ni kwamba komisionere, yule dalali wa huku, ataanza kukusifia rimu na kumalizia na redio, na volani ataitaja ukimuuliza tu.

Sasa tuyaangalie magari yenyewe, tuanze na yanayofanya kazi. Probox ilitoka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Kwa Wajapani lilikuwa gari la mhudumu wa kampuni, anayepeleka bahasha na maboksi, na hakuna aliyelinunua kwa kulipenda. Nyuma lina ekseli ngumu na springi za koili. Kwenye matoleo ya mizigo ya mwanzo lilivaa rimu za chuma za inchi 13, na baada ya kufanyiwa mabadiliko 2014 likapata za inchi 14. Tofauti ya DX na GL ni ya starehe: vioo vya umeme badala ya vya mkono, kiti chenye kitambaa bora, rangi kwenye sehemu ambazo DX inaziacha na plastiki yake nyeusi. Pacha wake, Succeed, alipewa sura ya heshima kidogo.

Sokoni Uvira mtu hulipa zaidi kwa GL, na sioni kosa. Joto la ziwani si mzaha, na kioo cha umeme kinachofanya kazi ni raha kwa dereva anayeshinda barabarani. Lakini muulize mwenye teksi anayepakia wawili mbele na wanne nyuma, kama ilivyo desturi ya Kivu, atakuambia kwamba kioo cha mkono hakijawahi kumlaza gereji. Mota ya kioo ikifa, kioo hubaki chini mvua ya Aprili ikimwagika kutoka milima ya Mitumba. Kwa gari la kazi, mimi ningetaka DX yenye injini ya lita 1.5 kuliko GL ya 1.3. Injini huwezi kuiongeza kwa bei rahisi baadaye. Kitambaa cha kiti, fundi wa mtaa wa Mulongwe atakushonea.

Noah ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi daraja linavyouza kwa macho. Toleo lililotoka 2007 lilikuwa na X, la familia, na Si, lililovalishwa bampa za chini zaidi, sketi pembeni, na mabawa ya matairi yaliyopanuliwa kidogo. Upanuzi huo ulifikisha upana milimita 1,720, ukalitoa gari kwenye kundi la magari madogo ya Japani, ambalo mwisho wake ni milimita 1,700, likaingia kundi la namba kubwa. Huko Japani huo ulikuwa ujumbe kwa jirani. Uvira hakuna anayejua kundi la namba za Kijapani, ila ujumbe umefika vilevile: Si inaonekana imekaa, imejaa, ina sura ya mtu aliyekula akashiba. X ikisimama kando yake inaonekana kama gari la shule.

Barabara inahesabu tofauti. X ina rimu za inchi 15 na tairi za 195/65. Si ina inchi 16 na tairi za 205/60. Kwa tairi peke yake Si haina hatia, kwa kuwa ubavu wa tairi umepungua milimita nne tu na tairi zima limekuwa kubwa zaidi. Hatia iko kwenye sketi na bampa. Mahali ambapo X inapita kwa kukwaruza, Si inaacha kipande cha plastiki, na plastiki ile haipatikani dukani Uvira. Inatafutwa kwenye gari lililokatwa Bujumbura au inafungwa kwa waya. Baada ya misimu miwili ya mvua, Si nyingi hubaki na mvuto wa nusu uso: mbele ni Si, pembeni hakuna kitu. Hapo bei ya kuuza tena hushuka chini ya ile ya X nzima, kwa sababu mnunuzi anaona kilichopotea, si kilichobaki.

Kwa rimu inabidi niende polepole.

Rimu ndiyo sehemu pekee ya daraja ambayo mwenye gari wa Uvira anaweza kuibadilisha mwenyewe mchana mmoja, kwa jeki na spana ya nati. Hawezi kuongeza mifuko ya hewa ya usalama, hawezi kuongeza breki za diski nyuma, wala hawezi kulipa gari la DX moyo wa GL. Lakini anaweza kuvua rimu za chuma zenye vifuniko vilivyovunjika, akavalisha rimu za alumini zilizong'arishwa, na gari likaonekana limepanda madaraja mawili. Ndiyo maana kuzidharau ni ujinga. Kijana aliyeweka akiba ya miaka kwa ajili ya teksi ana haki ya kutaka ipendeze, na abiria naye akisimama kandokando ya barabara kuu huchagua kwa macho kabla ya kuchagua kwa bei. Kwenye msafara wa harusi jambo hili halina mjadala. Jeep, kama tunavyoliita huku gari lolote lenye kimo, halikodishwi kwa msafara likiwa na rimu za chuma zenye kutu.

Shida huanza mtu anapodhani ukubwa wa rimu ni uzuri usio na gharama. Chukua Noah ile ile ya tairi za 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia ya upana huo inayosimama kama ubavu. Asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127 za mpira na hewa kati ya rimu na jiwe. Mtu anataka inchi 17. Ili tairi lisigonge ndani ya bawa na mita ya mwendo isidanganye sana, anavalisha 215/45R17. Gurudumu zima linabaki karibu kimo kile kile, milimita 625 badala ya 634. Ila ubavu sasa ni milimita 97. Amepoteza sentimita tatu za mto kwenye kila gurudumu, na kwa kawaida rimu yenyewe imekuwa nzito zaidi.

Katikati ya Uvira, kwenye kipande cha lami, hatazihisi sentimita hizo. Atazihisi kwanza kwenye vivuko vya mito. Mulongwe na Kalimabenge hushuka kutoka milimani na mawe. Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ulizoa nyumba na watu, na mawe ya mafuriko ya namna hiyo hayaondoki barabarani kwa siku moja. Kisha barabara ya taifa namba 5 inaelekea kusini, Makobola, Swima, Mboko, mpaka Baraka, na hapo kuna mashimo yenye kingo kali, mchanga, na madaraja ambayo maungio yake yameinuka. Ubavu mfupi unapogonga ukingo, mpira unabanwa kati ya jiwe na rimu, nyuzi zake za ndani zinakatika, na kesho yake tairi lina uvimbe ubavuni kama jipu. Uvimbe hauzibwi. Kwado, fundi wetu wa kuziba matairi mwenye pampu yake chini ya mwembe, atakuambia hivyo kwa uso wa huruma, kisha akuuzie tairi la mtumba.

Rimu yenyewe nayo ina hadithi yake. Chuma hupinda, alumini hupasuka. Iliyopinda inanyooshwa kwa nyundo mahali popote penye kipande cha reli na mkono wenye nguvu, na hata isiporudi kuwa duara kamili itakufikisha nyumbani. Iliyopasuka inahitaji kuchomelewa kwa gesi ya argoni na fundi anayejua anachofanya, na mafundi wa namna hiyo hawapatikani kila kijiji cha ufukweni. Wapo wanaochomelea kwa namna yoyote na kupaka rangi juu yake. Usinunue rimu kabla hujaitazama upande wa ndani.

Ukiitazama ndani, tafuta pia herufi JWL. Ni alama ya kiwango cha Japani kwa rimu za alumini, na kando yake mara nyingi pana VIA, kuonyesha kwamba rimu ilipimwa na kusajiliwa. Rimu za JWL zilizokuja na gari kutoka mnadani, hata zikiwa na mikwaruzo, ni salama kuliko mpya zinazong'aa zisizo na alama ya mtu yeyote. Soko linafanya kinyume: ya mikwaruzo inavuliwa na kuuzwa rahisi, mpya isiyojulikana inavalishwa. Ukimkuta mtu anavua, mnunulie.

Kuna hesabu nyingine ambayo makwado wanaijua kwa vidole: mashimo ya nati. Probox na Vitz zina mashimo manne kwenye duara la milimita 100. Noah na RAV4 zina matano kwenye 114.3. Hilux, Prado na Hiace mpya zina sita kwenye 139.7. Land Cruiser 100 na 200 zina matano kwenye 150. Kwa hiyo rimu za Prado aliyekufa zinaweza kuishi kwenye Hilux, na mwenye Hiace ana soko pana la rimu bila kungoja meli. Hili linaongeza mvuto wa gari kimyakimya kuliko mng'ao wowote: gari ambalo rimu yake inapatikana kwa jirani ni gari linalorudi barabarani jioni ile ile. Ila mashimo kulingana hayatoshi. Rimu inayotokeza nje sana inahamisha uzito mbali na beringi, na beringi ya gurudumu la gari linalobeba watu sita na magunia ya dagaa haihitaji kuongezewa adha.

Hapo pia ndipo tairi za mizigo zinaposahaulika. Probox ya mizigo ilitoka kiwandani na tairi zilizoandikwa LT, zenye tabaka za kuhimili uzito. Mtu akibadilisha kwa rimu nzuri na tairi laini za gari dogo, gari linapendeza na kutulia likiwa tupu. Likishapakiwa, ubavu unalala, tairi linapata joto, na joto la bonde la Ruzizi linamalizia kazi.

Tofauti ya magari ya mjini na ya milimani imeandikwa kwenye upana wa tairi. Mjini upana ni fahari. Lakini angalia Land Cruiser za mashirika ya misaada, zile ndefu za milango miwili ya mbele zenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 na matangi mawili ya lita 90 kila moja. Nyingi huagizwa kupitia Toyota Gibraltar, kampuni inayohudumia Umoja wa Mataifa na mashirika, na huja zikiwa za daraja la chini kiasi ambacho mnunuzi wa Japani angecheka: sakafu ya mpira, vioo vya mkono, bila mapambo. Rimu zake ni za chuma, na za kazi nzito huvaa tairi nyembamba za 7.50R16 zenye tyubu. Tairi jembamba hukata tope mpaka likakuta ardhi ngumu chini. Pana huelea juu ya tope na kuteleza kuelekea bondeni. Kwenye njia za kupanda kutoka Fizi kuelekea Minembwe hiyo ndiyo tofauti ya kufika na kulala porini. Tyubu nayo inazibwa popote. Na baadhi ya rimu hizo zina pete inayofunguka, hivyo tairi linatolewa kwa vyuma vya mkono bila mashine yoyote, ingawa pete hiyo ikifungwa vibaya huruka wakati wa kujaza upepo na inaweza kuua.

Hata kiwanda kinalijua hili. Land Cruiser 300 ya 2021, kwa soko la Japani, ilikuwa na madaraja mawili ya juu. ZX, ya mkurugenzi wa mjini, imepewa rimu za inchi 20 na tairi za 265/55. GR Sport, iliyotengenezwa kwa ajili ya mawe na mchanga, imepewa inchi 18 na tairi za 265/65. Kimo cha gurudumu zima ni karibu sawa, ila GR Sport ina milimita 172 za ubavu na ZX ina 146. Wahandisi walipoulizwa lipi litapita kwenye mawe, walijibu kwa kupunguza rimu. Mtu wa Uvira anayeagiza inchi 20 kwa ajili ya barabara ya Baraka analipa zaidi ili apate kidogo.

Madaraja ya juu yana mtego mwingine usioonekana kwenye picha, nao ni springi za hewa. Prado za daraja la TZ zilizouzwa Japani zinaweza kuja na mifuko ya hewa nyuma badala ya springi za chuma. Harrier ya 2003 ilikuwa na daraja lililoitwa AIRS, lenye mifuko hiyo. Likiwa jipya, gari linaelea kama mtumbwi ziwani asubuhi isiyo na upepo. Miaka kumi na mitano baadaye mpira umepasuka, pampu inahema bila kukoma, na gari linaamka limekaa kitako. Mafundi wengi huitoa mifuko yote na kuweka springi za kawaida. Mwenye gari amelipia daraja la juu, kisha akalipa tena ili alirudishe chini. Maji nayo yana chuki na magari yenye vifaa vingi: ziwa lilipopanda 2020 na tena 2024, likala ufukwe wa Uvira na barabara ya Gatumba upande wa Burundi, magari yenye vidhibiti vya umeme na nyaya chini ya viti na zulia ndiyo yaliyokuwa hatarini zaidi. Gari lenye vifaa vichache lina vichache vya kuzama.

Pamoja na hayo yote, watu wanaendelea kutaka VX, TX, V8, na ningekuwa mwongo nikisema ni ujinga mtupu. Gari ni kiti cha mtu mbele ya watu. Mwaka 2009 Kenya ilitangaza katika bajeti yake kwamba viongozi waache magari makubwa na watumie yasiyozidi cc 1,800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa. Wakubwa wengi hawakuyaachia magari yao kwa moyo mweupe. Hawakuwa wakililia nguvu za injini kwenye lami ya Nairobi. Walililia kimo. Huku Congo, ambako serikali mara nyingi ni mtu unayemwona akipita na si ofisi inayokuhudumia, herufi nyuma ya gari na ukubwa wa rimu vinamwambia polisi wa barabarani, yule tunayemwita rulaji, asimame wapi na aseme kwa sauti gani. Mfanyabiashara anayelipa maelfu ya dola kwa tofauti ya daraja ananunua pia kutosimamishwa. Hiyo ni huduma halisi, hata kama haimo kwenye karatasi ya mnada.

Ila mvuto huohuo una kivuli. Barabara ya Uvira hadi Kamanyola, kupitia Kiliba, Sange na Luvungi, ina historia ndefu ya watu kutekwa na magari kuvamiwa. Gari linalosema mwenyewe ana pesa linasema hivyo kwa wote, na wenye bunduki wana macho. Land Cruiser zenye sehemu ya mizigo nyuma hutamaniwa na kila mwenye jeshi, dogo au kubwa, kwa sababu zilezile zinazozifanya zipendwe na mashirika. Nimewasikia wafanyabiashara wa huku wakieleza kwa utulivu kwamba wana gari la Jumapili na gari la bondeni, na la bondeni halioshwi. Rimu za chuma, vumbi, kioo kilichopasuka pembeni: hilo nalo ni chaguo la mtindo, na limefikiriwa kuliko la yule wa inchi 17.

Mafuta nayo yameingia kwenye hesabu ya mvuto. Burundi imekuwa na uhaba wa petroli kwa miaka kadhaa sasa, na watu wa Bujumbura wamekuwa wakivuka kuja Uvira kutafuta mafuta. Katika soko moja la pande mbili za mpaka, gari linalokunywa kidogo lina wanunuzi wa pande zote mbili. Hapa ndipo rimu nzito na tairi pana vinapokula tena: kila gramu iliyo kwenye gurudumu inazungushwa pamoja nalo, na kwenye teksi inayosimama na kuondoka kila mita mia, dereva anaisikia mwisho wa wiki.

Hukumu yangu basi. Daraja la juu lina thamani Uvira pale tu linapoleta kitu kisichoweza kuongezwa baadaye na kisichokufa mapema: injini inayofaa, breki bora, mifuko ya hewa ya usalama inayofanya kazi, pengine magurudumu manne yanayovuta. Mengine yote ni ya kulipia kwa furaha kama una furaha ya kulipia, lakini usiyaite uwekezaji. Rimu za alumini zilizokuja na gari, za ukubwa wa kiwandani, zenye JWL, zibakize. Kuongeza inchi moja kwa gari la mjini kunavumilika. Kuongeza mbili kwa gari litakalolala Baraka ni kununua matairi kila msimu.

Na wewe ndugu unayengoja gari lako lishuke Dar es Salaam, ukiwa umebakiza dola mia chache mfukoni na komisionere ameshakuonyesha picha ya rimu mpya: mwambie asubiri. Nunua kwanza matairi manne yenye ubavu mrefu, angalia tarehe yake, kwa kuwa tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kisha la tano la akiba lenye rimu ya chuma. Pesa zikibaki, kang'arishe rimu ulizonazo.